Kodi imepunguzwa: kwa nani?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Bukavu, siku ya Kazi, 1 Mei 2024



Leo ni sikukuu ya kazi. Kuna wenye wamevaa kitenge kipya cha kampuni na wametembea defile. Tunawapongeza. Lakini munajua kwamba wengi katika muji huu leo wameamka sawa siku zote: wamefungua meza yao Kadutu, wamepeleka moto barabarani, wamebeba mizigo kutoka bandarini. Wao hawana sikukuu, kwa sababu wasipouza leo, leo watoto hawakule. Tunaongea pia kwa ajili yao.

Tangu 1 Aprili inchi iko na Waziri Mukuu mupya, mama Judith Suminwa, mwanamuke wa kwanza kupewa kazi hiyo kwetu. Serkali yake haijatangazwa bado. Bunge jipya nalo linaanza. Ni wakati ambapo ahadi zinapikwa, na moja ya ahadi ambazo hazikose kamwe ni hii: tutapunguza kodi ili raia apumue.

Sisi hatukatae kupunguziwa kodi. Nani angekataa? Tunataka tu, kila mara tukisikia neno hilo, tuulize maulizo mawili. La kwanza: imepunguzwa kwa nani? La pili: pengo litakalobaki, nani atalijaza? Mukibeba maulizo haya mawili na kuyapeleka nyumbani, mukutano wetu haukuwa bure.

Tuanze na wale wachache wenye karatasi ya mushahara

Tunasema wachache kwa sababu ni kweli. Vijana wengi hapa hawana kontra, wanaishi na kazi ya kujitafutia. Lakini tuanze na mwenye mushahara, kwa sababu kwake hesabu inaonekana wazi, na kwa sababu kila mutu hapa angependa siku moja awe na karatasi hiyo.

Dekreti ya Mei 2018 iliweka mushahara wa chini kabisa, ule tunaita SMIG, kwenye 7.075 FC kwa siku. Zidisha mara siku 26 za kazi: 183.950 FC kwa mwezi. Kwanza CNSS inakata asilimia 5 kwa ajili ya uzee: karibu 9.200 FC zinaenda. Zinabaki karibu 174.750 FC. Hapo njo kodi ya mushahara, ile IPR, inaingia.

IPR iko na ngazi. Ngazi ya kwanza inafika 162.000 FC kwa mwezi, na inalipa asilimia 3. Ngazi ya pili inaanza hapo na inapanda mpaka 1.800.000 FC, na inalipa asilimia 15. Angalieni vizuri. Mutu wa chini kabisa, mwenye sheria yenyewe inasema hapashwe kulipwa chini ya pale, amekwisha kupita ngazi ya kwanza. Franga zake za mwisho zinakatwa asilimia 15, kipimo kile kile cha mutu anayepokea mara tisa kumushinda. Kwa mwezi atalipa karibu 6.770 FC. Mutasema ni kidogo. Kwa mwenye kuhesabu unga kwa kikombe, si kidogo.

Na zile ngazi zimesimama pale pale wakati franga inaanguka. Mwaka 2018, wakati SMIG iliwekwa, dola moja ilikuwa karibu 1.600 FC. Leo inapita 2.700 FC. Mushahara ule ule wa 183.950 FC ulikuwa zaidi ya dola 110. Leo haufike dola 70. Na 162.000 FC za ngazi ya kwanza, kwa feza ya 2018, zingekuwa karibu dola 100. Leo ni karibu dola 60. Kwa hiyo hata pale ambapo patroni anaongeza mushahara kidogo ili mutumishi afuate bei ya soko, ile nyongeza inaanguka moja kwa moja kwenye asilimia 15. Hakuna waziri aliyesimama mbele ya Bunge kusema anapandisha kodi ya wafanya kazi. Imepanda yenyewe, kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyegusa ngazi.

Mutoto wa mutumishi na mutoto wa patroni

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo vijana wengi hawajasikia. Sheria yetu iko na nafuu kwa ajili ya familia. Kila mutu unayemubeba nyumbani, yaani bibi, watoto, wazazi wanaoishi kwako, anakupunguzia kodi asilimia 2, mpaka watu 9. Ukisikia hivyo unasema: vizuri, Leta imefikiri juu ya wazazi.

Lakini ni asilimia 2 ya nini? Ni ya kodi yenyewe. Mushahara hauhesabiwe hapo. Chukua yule mutumishi wa SMIG mwenye kodi ya 6.770 FC. Asilimia 2 ni 135 FC. Hiyo njo bei ya mutoto wake kwa mwezi muzima mbele ya Leta. 135 FC haitoshe kumulipia mutoto moto mara moja kwenda shule. Akiwa na watu 9 nyumbani, jumla haifike 1.300 FC.

Sasa chukua mutu anayepokea 1.500.000 FC kwa mwezi. Kisha CNSS, kodi yake inakuwa karibu 194.000 FC. Asilimia 2 ni karibu 3.900 FC. Huyu naye ni mufanya kazi, hatuna shida naye, kodi anayolipa ni nyingi. Lakini angalia mutoto wake: Leta inamuhesabia zaidi ya mara 28 kuliko mutoto wa yule mutumishi. Watoto wawili wanaweza kukaa kwenye banki moja darasani, wote wako na tumbo moja, wote wanaumwa malaria ile ile.

Na yule ambaye halipe IPR kabisa, mama wa meza, mubebaji, mufundi wa ujenzi wa kila siku? Mutoto wake Leta inamuhesabia zero. Nafuu inayopitia kwenye kodi ya mushahara haiwezi kumufikia mutu asiye na mushahara. Watu wetu wengi wako hapo.

Njo maana tunasema: mutu akitangaza nafuu kwa familia, tumuombe atuonyeshe hesabu ya familia ya chini kwanza.

Neno moja la faida hapa kabla ya kuendelea. Kuna wenzetu wanaofanya kazi na kontra ambao hata hiyo nafuu ndogo hawaipate, kwa sababu hawajawahi kupeleka karatasi za ndoa na za kuzaliwa za watoto kwa patroni. Mutoto asiye na karatasi hahesabiwe. Andikisheni watoto, pelekeni karatasi, halafu muangalie kama imebadilisha kitu kwenye karatasi ya mwezi ujao. Ni haki yenu, hata kama ni ndogo.

Kodi ambayo kila mutu analipa bila kuiona

Hata asiye na mushahara analipa kodi. Analipa TVA. Ilianza tarehe 1 Januari 2012, na taux yake ya kawaida ni asilimia 16. Iko ndani ya bei ya vitu vingi: megabaiti, saruji, sabuni ya dukani. Tajiri na maskini wanalipa kipimo kimoja. Lakini tajiri anakula sehemu ndogo ya mapato yake na nyingine anaweka. Maskini anakula yote. Kwa hiyo mapato yake karibu yote yanapita mbele ya TVA.

Sasa kuna neno hapa: krediti ya TVA. Kampuni ikinunua mashini, inalipa TVA. Kisha inaandika, na ile TVA inatolewa kwenye ile inayopashwa kulipa Leta. Ikizidi, inakuwa deni ambalo Leta inapashwa kurudisha. Hivyo njo TVA inafanya kazi popote, na si wizi. Kampuni za mine zimedai Leta yetu mamia ya mamilioni ya dola za krediti hiyo, na kila mwaka wanakaa mezani na serkali kuzungumza jinsi ya kulipwa.

Lakini mwisho wa mulolongo kuko nani? Kuko yule aliyenunua sabuni kuoga nayo. Yeye hana wa kumurudishia. Hana banda la kuandika, hana avoka wa kukaa mezani na waziri. Kodi yote ambayo wengine wamepokezana inamuangukia yeye. Kwa hiyo mukisikia ba bwana wakubwa wakilalamika kwamba TVA inawaua, mujue kwamba wao wako na mulango wa kutokea. Sisi hatuna.

Basi serkali inasema: tutasamehe TVA na ushuru kwenye vyakula. Ni wazo zuri, na mara kadhaa limefanywa kwa bidhaa fulani. Kwa nini basi mama akienda sokoni anakuta bei ile ile?

Kwanza, anayepewa musamaha ni mwenye kuingiza mali. Yeye njo anaamua kama atashusha bei ama ataweka ile feza mufukoni. Kama waingizaji ni wachache na hakuna anayewafuata, mara nyingi mufuko unashinda.

Pili, bei ya chakula hapa Bukavu haifanywe na TVA peke yake. Inafanywa na dola inayopanda. Inafanywa na barabara mbaya. Inafanywa leo zaidi na vita: maharagi na mahindi ya Masisi na ya upande wa Minova hayapite sawa zamani, mashamba yameachwa, wenye kulima wamekimbia. Huwezi kufuta kodi ya maharagi ambayo hayakufika.

Tatu, kati ya mupaka na meza ya mama kuko mikono mingi. Tangu 2002 kuko dekreti inayohesabu huduma chache tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mupakani. Muulize mama yeyote anayepita Ruzizi na beseni yake kila asubuhi, amehesabu huduma ngapi. Kisha barrière. Kisha kodi ya kila siku ya soko. Serkali inaondoa kodi moja iliyoandikwa, na zile zisizoandikwa zinabaki zote. Raia hasikie tofauti.

Kwa mama huyu, kupunguza kodi kunaanza hapo: mutu asiye na ruhusa aondoke kwenye njia yake. Haihitaji sheria mupya. Orodha ya kodi za mikoa na za miji iko tayari, iliwekwa na sheria ya Machi 2018. Kisichokuwa kwenye orodha hakipashwe kuombwa. Ni kuitundika ukutani tu, sokoni na mupakani, kwa Kiswahili na kwa Mashi, kwa maandishi makubwa.

Wenye kupunguziwa kweli kweli

Sasa tupande juu kidogo. Kuko watu ambao kodi imewapungukia kabisa, mpaka zero. Huko wanaita ekzonerasio.

Mufano unaojulikana ni ule wa Sicomines, kule Kolwezi. Mwaka 2008 inchi yetu ilifanya mukataba na kampuni za China: wao wachimbe kopa na kobalti, sisi tupate barabara, hospitali, vyuo. Zilitajwa dola miliari 3 kwa ajili ya ujenzi. Sheria ya Februari 2014 ikawapa musamaha wa kodi na ushuru mpaka madeni yaishe. Mwaka 2023, Inspeksheni Kuu ya Feza, ile IGF, ilitoa ripoti ikisema kwamba upande wa China ulikuwa umepata karibu dola miliari 10, na ujenzi uliofanywa kwetu ulikuwa wa dola milioni 822. Mwezi wa tatu mwaka huu mukataba ulirekebishwa: ujenzi umepandishwa mpaka dola miliari 7, kwa vipande vya milioni 324 kwa mwaka ikiwa bei ya kopa inasimama vizuri. Ni afazali kuliko mbele. Lakini musamaha wa kodi umebaki.

Wekeni hesabu hizo mbili pamoja. Yule mutumishi wa SMIG, mwenye dola 70 hazifike, anakatwa asilimia 15 kwenye franga zake za mwisho. Mine inayouza kopa kwa dunia nzima imesamehewa.

Kuko wenye kutuambia: munapinga maendeleo, kampuni isipopunguziwa haitakuja, na isipokuja hamutapata kazi. Tunalichukua neno hilo kwa uzito, kwa sababu sisi njo tunatafuta kazi. Musamaha unaweza kusaidia. Sheria ya uwekezaji ya 2002 inatoa musamaha wa miaka 3 kwa anayeweka feza Kinshasa, miaka 4 kwa Lubumbashi na miji fulani, na miaka 5 kwa mikoa mingine, sisi hapa tukiwa ndani. Iliandikwa hivyo ili mutu apate sababu ya kuja mbali na Kinshasa. Wazo hilo tunalikubali. Lakini lenyewe liko na mupaka wa miaka, na mwenye kupewa anapashwa kuonyesha alichofanya. Musamaha wenye mwisho, wenye masharti, unaofuatwa na watu, tunaweza kuulinda. Tunakataa ule usiojulikana amepewa nani, kwa miaka mingapi, na vijana wangapi wamepata kazi.

Na tukumbuke: ili uingie kwenye sheria ile, unahitaji dola 200.000, ama dola 10.000 kama ni kampuni ndogo. Dada yetu mwenye saluni Nguba, kaka yetu anayetengeneza simu Nyawera, hawafike hapo. Kwao kuko sheria ya 2013: mwenye kuuza chini ya milioni 10 FC kwa mwaka anapashwa kulipa 50.000 FC kwa mwaka, basi. Wangapi kati yenu munaijua? Wangapi munalipa mara tano ya hapo kwa ajenti tofauti wanaopita na karnee tofauti? Inchi yetu iko na nafuu kwa mudogo kwenye karatasi. Mukubwa anatuma avoka kuichukua yake. Mudogo haambiwe kwamba iko.

Mara mbili ambapo tulipumua

Tusiseme kwamba hakuna kinachowezekana. Kuko mara mbili katika miaka hii ambapo muzigo ulipungua kweli kwa familia, na kila moja inatufundisha kitu.

Ya kwanza ni RAM. Munaikumbuka, ile kodi ya simu iliyoanza Septemba 2020. Ulikuwa unaweka krediti, unageuka, imekatwa. Karibu dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, karibu dola 7 kwa simu ya intaneti, zikichukuliwa vipande vipande. Walisema ni huduma, hakuna aliyeiomba. Vijana waliandika, waliandamana, walikatala simu kwa siku, wabunge nao wakaanza kuuliza feza ziko wapi. Mwanzo wa 2022 serkali ikaiondoa. Zilizokatwa hazikurudi kwenye simu zetu, na deni hilo la maelezo bado tunadai. Lakini ile kodi ilikufa kwa sababu raia walijua kiasi, walijua inaenda wapi, na waliuliza wote pamoja. Hatukupewa zawadi.

Ya pili ni shule ya musingi bila malipo. Katiba ilisema hivyo tangu 2006, kwenye artikle 43. Ilianza kweli Septemba 2019. Mbele ya hapo, muzazi alikuwa analipa prime ya mwalimu kila mwezi ama kila trimestre, na mutoto asiyelipiwa alifukuzwa mbele ya wenzake. Mamilioni ya watoto waliingia darasani. Kwa familia nyingi za Kadutu na Bagira, hakuna kodi iliyopunguzwa katika maisha yao iliyowasaidia kama hiyo. Haikupitia kwenye karatasi ya mushahara, haikupitia kwa muingizaji wa mali. Ilifika mulangoni, kwa yule wa meza na yule wa ofisi, kwa kipimo kimoja.

Lakini tuangalie na ulizo letu la pili: pengo nani amelijaza? Wazazi waliacha kulipa, Leta ikapashwa kulipa. Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 mwaka 2020 kusaidia. Hazikutosha kuweka madarasa na walimu kwa watoto wote waliokuja. Walimu wengine wamefundisha muda murefu bila kuandikwa kwenye listi ya malipo. Watoto wanakaa wengi sana kwenye darasa moja. Kwa hiyo sehemu ya pengo imejazwa na mwalimu kwa njaa yake, na mutoto kwa somo asilolisikia vizuri.

Hapa njo sisi kama vijana tunapashwa kuwa wakweli. Hatuwezi kupiga kelele siku moja kwamba kodi zote ziondoke, na kesho yake kwamba askari alipwe vizuri kule mbele, mwalimu alipwe, barabara itengenezwe. Katiba yenyewe inasema kulipa kodi ni wajibu wa kila mutu. Tunachotaka ni kwamba ile feza isiyochukuliwa kwa mutumishi na kwa mama wa soko ichukuliwe pale inapokaa: kwenye misamaha isiyo na mwisho, kwenye mikono ya barabarani, kwenye mapato yanayokusanywa bila kufika kwenye kesi ya Leta. Vinginevyo nafuu ya leo inakuwa darasa la watoto mia kesho.

Tunayoomba

Tumeyaandika kwa ajili ya serkali itakayotoka na kwa wabunge tuliowachagua Desemba. Ni mambo matano.

Moja. Ngazi ya kwanza ya IPR ipandishwe juu ya SMIG, na kila mara SMIG ikiguswa, ngazi nazo ziguswe. Mutu wa mushahara wa chini kabisa asikatwe asilimia 15 hata kwenye franga moja.

Mbili. Nafuu ya familia iwe kiasi kimoja cha franga kwa kila mutoto, bila kuangalia mushahara wa muzazi. Na kwa wasiolipa IPR, nafuu yao iwe kwenye vitu vinavyowafikia: shule, dawa, uzazi.

Tatu. Katiba, kwenye artikle 174, inasema musamaha wa kodi unatolewa kwa sheria tu. Basi orodha itoke kila mwaka pamoja na bajeti: nani amesamehewa, kiasi gani, mpaka lini, na amefanya nini. Mwenye kushindwa kutimiza, musamaha wake ukatike.

Ine. Chakula kikisamehewa kodi, bei ya mbele na bei ya nyuma zitangazwe, pamoja na bei ya hapa Bukavu, Uvira, Goma, Bunia. Kisichoshuka, muingizaji aeleze.

Tano. Orodha ya kodi halali itundikwe sokoni na mupakani, na hakuna feza itolewe bila karatasi yenye muhuri.

Na sisi?

Tusiwaachie viongozi peke yao. Katika wiki zinazokuja tutafanya kazi tatu, na kila mumoja wenu anaweza kuingia.

Wenye mushahara, tuletee picha ya karatasi yako ya mwezi ukiwa umefuta jina lako na jina la kampuni. Tutapiga hesabu ya IPR pamoja nawe. Kama umekatwa kupita, utajua.

Wenye kwenda sokoni, tuandike bei za vitu kumi, siku moja kila wiki, Kadutu, Nyawera na Panzi. Kikombe cha unga, maharagi, mafuta, sabuni, makala. Siku waziri atasema kodi imeshuka, tutakuwa na karatasi yetu ya kumuonyesha.

Wenye meza na wenye kupita Ruzizi, usilipe bila kuomba karatasi. Tunajua si rahisi. Mama mumoja akiomba peke yake, watamusukuma. Wakiomba ishirini siku moja kwenye mulango mumoja, ajenti atafikiri mara mbili. Tutakuja kusimama pamoja nanyi, kwa amani, bila jiwe, bila matusi, na simu zetu mukononi.

Kisha tutabeba hayo yote kwa wabunge wa mukoa na wa taifa waliokuja kutuomba sauti mwaka uliopita. Walijua njia ya kufika kwetu wakati wa kampeni. Sisi nasi tunajua ofisi zao.

Wandugu, siku serkali mupya itaingia na kusema imepunguza kodi, musipige makofi haraka na musitukane haraka. Ulizeni: kwa nani? Na pengo nani atalijaza? Kisha mungojee jibu lenye namba.

Siku njema ya kazi kwa wenye kazi, na kwa wale wanaoitafuta bado.